Deni la ONDOKA: kisa cha kitanzi kilichorudi mwanzoni

Niliandika neno, yaani programu ndogo yenye jina, la mistari michache katika lugha ya programu niliyoijenga mwenyewe, nikaliita, na lugha hiyo ikanikaribisha upya. Haikulalamika wala kuchapisha namba hata moja. Ilitoa tu ile alama yake ya kusubiri amri, kama mtu anayekuamkia mara ya pili kwa kusahau kwamba mlishasalimiana. Neno lenyewe lilikuwa hili:

: JARIBU
   10 0 HESABU
      ZAMU 5 = KAMA ONDOKA BASI
      ZAMU .
   TENA ;

Maana yake: hesabu kuanzia 0 bila kufika 10, ikifika zamu ya 5, ondoka kwenye kitanzi (sehemu inayorudiwarudiwa), kabla ya hapo, chapisha namba ya kila zamu. Nilitarajia 0 1 2 3 4. Nikabadilisha 5 kuwa 0 ili kitanzi kikatike papo hapo, nikapata kioja kingine kabisa: ilichapisha 31, kisha mashine ikasimama kimya. Sikuwa nimeandika 31 popote.

Programu ileile, kosa lilelile, dalili mbili zisizofanana hata kidogo. Ilinichukua muda kukubali kwamba chanzo ni kimoja, na muda zaidi kukubali kwamba hakikuwa katika mashine inayoendesha maagizo, ambako nilikuwa nimechimba jioni nzima. Kilikuwa katika kompaila, programu inayotafsiri maandishi yangu kuwa maagizo ya mashine, kwenye neno lenye mstari mmoja.

Kwanza niieleze lugha yenyewe, maana bila hiyo kosa halionekani. Ni lugha ya staki (wanaosema "staki" wakimaanisha "sitaki" watanisamehe, neno zuri zaidi sikulipata). Thamani hupangwa kama sahani zilizobebana: iliyowekwa mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Nimeijenga kwa kufuata Forth, lugha aliyoibuni Charles Moore mwishoni mwa miaka ya 1960, ila maneno yake nimeyapa majina ya Kiswahili. NAKILI hurudufu thamani ya juu, TUPA huiondoa, BADILI hupishanisha mbili za juu, ZUNGUSHA huleta ya tatu juu. Alama @ husoma seli ya kumbukumbu na ! huandika ndani yake. HAPA hutoa anwani ya seli inayofuata kuandikwa, na koma huandika thamani kwenye seli hiyo kisha husogea mbele hatua moja. Nukta huchapisha. Nukta mbili huanza neno jipya, na nukta-mkato hulimaliza.

Staki ziko mbili. Ya data ndiyo anayoiona mwandishi wa programu. Ya marejeo hutunza mahali pa kurudi neno linapoita neno jingine, na humo humo vitanzi vya HESABU huweka vitu viwili: kikomo chini, namba ya zamu juu. Neno ZAMU halifanyi lolote zaidi ya kusoma kilicho juu ya staki ya marejeo. Lishike hilo, litarudi.

Kompaila haina mti wa sarufi. Inasoma neno moja baada ya jingine, mara moja tu, wala hairudi nyuma. Ikikuta neno la kawaida, inaandika namba ya agizo lake kwenye kumbukumbu na kuendelea. Ikikuta neno lililotiwa alama ya PAPO-HAPO, hailiandiki. Inaliendesha palepale, katikati ya kazi ya kutafsiri. Kwa hiyo KAMA, BASI, HESABU na wenzake si sehemu ya sarufi. Ni programu ndogo zinazofanya kazi wakati programu nyingine inaandikwa.

Ugumu wa KAMA unajulikana na kila aliyewahi kuandika kompaila ya mpito mmoja. Ukilikuta, lazima uandike agizo la "ruka ukikuta sifuri" (sifuri maana yake sharti si kweli), lakini pa kuruka hupajui, kwa sababu mwisho wa sharti bado haujasomwa. Unachoweza kufanya ni kuacha tundu, yaani seli moja yenye sifuri, na kukumbuka anwani yake ili ulijaze baadaye. Na anwani hiyo unaiweka wapi? Wakati wa kutafsiri, staki ya data imekaa bure. Unaiweka hapo.

: KAMA     '(RUKA0) ,  HAPA  0 , ;  PAPO-HAPO
: BASI     HAPA BADILI ! ;  PAPO-HAPO
: LASIVYO  '(RUKA) ,  HAPA  0 ,  BADILI  HAPA BADILI ! ;  PAPO-HAPO

'(RUKA0) ni namba ya agizo linaloruka likikuta sifuri; (RUKA) huruka bila sharti. KAMA huandika agizo, huacha anwani ya tundu kwenye staki, na huandika sifuri kushikilia nafasi. BASI haliandiki agizo lolote. Kazi yake ni kulipa deni: huchukua anwani ya tundu na kuandika ndani yake mahali tulipofika. LASIVYO hufanya yote mawili, hukopa deni jipya na kulipa la zamani.

Wanaojifunza Forth kwa Kiingereza hulalamika kwamba neno linalofunga sharti kule lina maana ya "ndipo", nalo linakaa mwishoni, mahali ambapo hawalitarajii. Kwa Kiswahili ugomvi huo haupo. Basi ni "ndipo", na basi ni "imetosha". Nadhani ni neno moja tu katika lugha yangu nzima ambalo limekaa vizuri zaidi kuliko la asili.

Vitanzi vya kawaida havikunisumbua. ANZA huweka HAPA kwenye staki, kwa kuwa kurudi nyuma hakuna siri: mahali pa kuruka pameshajulikana. MPAKA huandika (RUKA0) na anwani hiyo. WAKATI huacha tundu kama KAMA, kisha hufanya BADILI ili anwani ya mwanzo wa kitanzi ibaki juu, na RUDIA huitumia hiyo kuruka nyuma, kisha hulijaza tundu lililo chini yake. Yote haya yanafanya kazi kwa sababu moja: miundo hukaa mmoja ndani ya mwingine, na wa mwisho kufunguliwa ndio wa kwanza kufungwa. Hiyo ni tabia ya staki kwa asili yake. Ndiyo maana mtu huandika maneno haya sita au saba, yote yanafaulu, na anaanza kuamini kwamba staki inatosha kwa kila kitu.

Nami niliamini. Nilipofika kwenye ONDOKA, niliandika hivi:

: ONDOKA   '(ONDOKA) ,  HAPA  0 , ;  PAPO-HAPO

Agizo (ONDOKA), likiendeshwa, huondoa vitu viwili vya kitanzi kwenye staki ya marejeo kisha huruka kwenda anwani iliyo kwenye seli inayolifuata. Ni mruko wa mbele kama ule wa KAMA, kwa hiyo nikautendea vilevile: acha tundu, weka anwani yake kwenye staki, TENA atalijaza. Nikaandika TENA likachukua anwani ya mwanzo wa kitanzi na matundu yanayokuja nayo. Nikajaribu ONDOKA peke yake ndani ya kitanzi, bila KAMA. Likafaulu, na nikalala nimeridhika. Jaribio hilo lilikuwa la kipuuzi, maana hakuna anayeandika ONDOKA bila sharti. Kitanzi kinachoondoka siku zote katika zamu ya kwanza si kitanzi.

Ushahidi niliupata siku iliyofuata, na niliupata kwa bahati. Kila nilipoendesha JARIBU mashine ilijiwasha upya, na kujiwasha upya husafisha staki zote mbili, kwa hiyo kila nilipokagua baada ya ajali nilikuta pasafi. Mara moja nilisahau kuiendesha. Nilitafsiri neno tu, kisha mkono ukaandika KAGUA, neno linaloonyesha yaliyomo kwenye staki ya data. Ikatoka namba moja: 205.

Staki ilikuwa tupu kabla ya kutafsiri. Baada ya kutafsiri ingepaswa kuwa tupu. Mtu fulani hakuwa amelipa deni lake.

Nikachapisha seli zote za JARIBU. Ziko kuanzia 200; (WEKA) huweka kwenye staki namba iliyo kwenye seli inayolifuata, na (RUDI) hurudi kwa aliyeliita neno:

200  (WEKA)
201  10
202  (WEKA)
203  0
204  (HESABU)
205  (ZAMU)
206  (WEKA)
207  5
208  (=)
209  (RUKA0)
210  0
211  (ONDOKA)
212  213
213  (ZAMU)
214  (.)
215  (TENA)
216  210
217  (RUDI)

Ukiangalia seli 210, 212 na 216 utaona kisa chote. Fuata hatua za kompaila. HESABU liliweka 205, mwanzo wa kitanzi. KAMA likaweka 210 juu yake. ONDOKA likaweka 212 juu ya zote. Kisha BASI likaja kulipa deni la KAMA, likachukua kilicho juu, na kilicho juu kilikuwa deni la ONDOKA. Likajaza 212 kwa 213. TENA lilipofika, likachukua kilichofuata, 210, likadhani ndio mwanzo wa kitanzi na kukiandika kwenye seli 216. Na 205, mwanzo halisi, ikabaki kwenye staki bila mwenyewe.

Hapo dalili zote mbili zinajieleza. Katika zamu ya 0, sharti si kweli, (RUKA0) inasoma seli 210 ambayo haikujazwa, inakuta sifuri, inaruka kwenda anwani 0. Anwani 0 ndipo mashine yangu inapoanzia kazi. Ndiyo maana nilikaribishwa upya.

Nilipoweka 0 badala ya 5, sharti lilikuwa kweli mara ya kwanza. (ONDOKA) ikaondoa kikomo na zamu kwenye staki ya marejeo kama ilivyoagizwa, lakini ikaruka kwenda 213, ndani ya kitanzi kilekile ilichokwisha kukivunja. ZAMU ikasoma kilicho juu ya staki ya marejeo, na sasa kilichokuwa juu ni anwani ya kurudi ya aliyeniita, yaani kitanzi cha kusoma amri kilichoko chini kabisa ya kumbukumbu. Anwani hiyo ni 31. Ikachapishwa. (TENA) ikaiongeza ikawa 32, ikailinganisha na takataka iliyokuwa chini yake, hazikulingana, ikaruka kwenda 210 ili "kurudia". Seli 210 ina sifuri, na agizo namba 0 kwangu ni SIMAMA. Ikasimama.

Natamani ningechagua namba nyingine kwa SIMAMA. Kama matundu yasiyojazwa yangeelekeza kwenye agizo linalopiga kelele, ningeokoa siku nzima. Siku hizi najaza matundu kwa namba ambayo si agizo wala anwani halali, na mashine ikiigusa inataja seli ilikoikuta.

Sasa tiba. Hapa ndipo suala lilipo na utamu wake, kwa sababu tiba ni nyingi na kila moja ina msimamo wake.

Ya kwanza ni ya kizamani. Katika kiwango cha FORTH-79, neno lenye kazi ya ONDOKA halikuruka hata kidogo. Lilifanya kikomo kiwe sawa na namba ya sasa, na kitanzi kikajimaliza chenyewe kilipofika kwenye neno la mwisho. Hakuna tundu, hakuna deni, kompaila haihusiki. Ni ujanja mzuri, ila maagizo yaliyobaki katika zamu hiyo bado yanaendeshwa: JARIBU yangu ingechapisha 0 1 2 3 4 5. Mwandishi wa programu analazimika kuyafunika yaliyobaki kwa sharti jingine. Na kwangu ungeshindikana pia kwa sababu ya pili. TENA langu huongeza zamu na kuuliza kama imelingana na kikomo. Ukifanya kikomo kiwe sawa na zamu ya sasa, zamu inakiruka kikomo na inabidi izunguke namba zote za biti 32 kabla ya kukutana nacho tena. FORTH-79 iliuliza kama zamu imefika au imepita kikomo, ndiyo maana kwake ilifaa. FORTH-83 ilibadilisha mambo yote mawili, jinsi ya kupima mwisho wa kitanzi na maana ya kuondoka, na kuanzia hapo kuondoka ni kuondoka kweli, palepale.

Ya pili ndiyo aliyonayo kila mtu kichwani akiona kosa hili kwa mara ya kwanza: ingiza deni la ONDOKA chini ya deni la KAMA, ili BASI likute la kwake juu. Kwa JARIBU inafanya kazi. Lakini chini kiasi gani? KAMA moja likiwa ndani ya jingine, deni mbili. Ukiweka WAKATI katikati, deni zinaongezeka tena. ONDOKA halijui liko kina gani, na kulifundisha kupekua staki likitafuta HESABU lake ni kukiri kwamba staki si mahali pake.

Ya tatu nilivutwa nayo sana. Baadhi ya Forth huifanya HESABU yenyewe ibebe tundu moja: anwani ya mwisho wa kitanzi, ambayo wakati wa kuendesha husukumwa kwenye staki ya marejeo pamoja na kikomo na zamu. ONDOKA halina tundu lake. Linaondoa vitu na kuruka kwenda anwani linayoikuta hapo. Tazama kilichotokea: deni limehama kutoka kwa ONDOKA, ambalo halina utaratibu, kwenda kwa HESABU, ambalo linafuata utaratibu wa kufunguka na kufungwa. Staki inatosha tena. Gharama yake ni seli moja zaidi kwenye staki ya marejeo kwa kila kitanzi kinachoingiwa, hata kile kisicho na ONDOKA ndani yake. Kama ningekuwa naandika lugha ya kufundishia, ningechagua hii bila kusita, kwa sababu inaelezeka kwa sentensi moja.

Nilichagua ya nne, kwa sababu haigharimu chochote wakati wa kuendesha. Matundu ya ONDOKA hayawekwi kwenye staki kabisa. Yanafungwa kamba moja na jingine, na kamba hiyo hupita ndani ya matundu yenyewe. Tundu tupu ni seli ambayo haina kazi hadi ijazwe. Kwa nini isishike anwani ya tundu lililoitangulia? Unahitaji kigezo kimoja tu, KICHWA, kinachoshika anwani ya tundu la mwisho.

: HESABU   '(HESABU) ,  KICHWA @  0 KICHWA !  HAPA ;  PAPO-HAPO

: ONDOKA   '(ONDOKA) ,  HAPA  KICHWA @ ,  KICHWA ! ;  PAPO-HAPO

: TENA
   '(TENA) ,  ,
   KICHWA @
   ANZA NAKILI WAKATI
      NAKILI @  HAPA ZUNGUSHA !
   RUDIA
   TUPA  KICHWA ! ;  PAPO-HAPO

ONDOKA sasa huandika ndani ya tundu lake anwani ya tundu la kabla yake, au 0 kama ni la kwanza, kisha hujifanya kichwa cha kamba. Staki haliigusi, kwa maana halibakishi kitu juu yake. TENA huandika mruko wa kurudi, kisha hutembea kamba: chukua anwani ya tundu, soma inayofuata, jaza tundu kwa HAPA, endelea na inayofuata hadi ukute sifuri. Katika JARIBU, KAMA hujazwa vizuri kwa 213, seli 216 hupata 205, na kamba yenye tundu moja, 212, hujazwa kwa 217. Namba zikatoka: 0 1 2 3 4.

Kitu ambacho usomaji wa haraka unaweza kukipita ni KICHWA @ 0 KICHWA ! ndani ya HESABU. Toleo langu la kwanza halikuwa nacho, lilianza tu kwa kuweka sifuri, na vitanzi viwili vilivyoingiana vikaharibika: TENA la ndani lilimaliza kamba yake, na ONDOKA lililokuwa limeandikwa kwenye kitanzi cha nje kabla ya hapo likapotea, tundu lake likabaki tupu milele. Kichwa cha zamani lazima kihifadhiwe, na kinahifadhiwa wapi? Kwenye staki, chini ya anwani ya mwanzo wa kitanzi. Kwa hiyo staki haikufukuzwa. Vitanzi kama vitanzi vinafuata utaratibu wa staki. Ni milango ya dharura ndani yake isiyofuata. Kila tabaka la kitanzi lina kamba yake, na kamba zenyewe zimepangwa kwenye staki.

Faida ambayo sikuipanga ilikuja baadaye. HESABU ya kawaida ikipewa 0 0 haipiti pembeni. Inazunguka mara 4,294,967,296 kwa seli za biti 32, kwa sababu zamu huongezwa kabla ya kulinganishwa. Forth ina toleo la pili la neno hili linalouliza kwanza kama namba mbili zinalingana, na zikilingana linaruka kitanzi kizima. Mruko huo nao ni wa mbele, na unaishia palepale ONDOKA linapoishia. Nililitia tundu lake kwenye kamba ileile ya KICHWA, na TENA halikuhitaji kubadilishwa hata herufi.

Kisha kuna TOKA, neno la kutoka kwenye neno zima kabla ya mwisho wake. Hili halina tundu, hivyo kompaila haina deni, na bado likaniangusha. Niliandika neno la kutafuta ambalo likipata kitu ndani ya HESABU huita TOKA. Agizo (RUDI) huchukua kilicho juu ya staki ya marejeo na kuruka huko. Lakini ndani ya kitanzi kilicho juu ni namba ya zamu. Nilipata kitu kwenye zamu ya 5, nikarudi seli ya 5. Ni kosa la ukoo mmoja na ile 31, ila limegeuzwa: kule ZAMU ilisoma anwani ikidhani ni zamu, hapa (RUDI) ilisoma zamu ikidhani ni anwani. Kuweka vitu vya aina mbili kwenye staki moja kuna bei yake.

Kiwango cha Forth cha ANSI, shirika la viwango la Marekani, cha 1994 kinamwachia mwandishi wa programu mzigo huu: kuna neno la kuondoa vitu vya kitanzi kimoja, nawe uliandike mara nyingi kadiri ulivyo ndani ya vitanzi, kabla ya kutoka. Mimi sikuupenda uamuzi huo. Kompaila inajua imefungua HESABU ngapi ambazo hazijafungwa, kwa hiyo niliongeza kihesabio KINA, HESABU hukipandisha, TENA hukishusha, na TOKA huandika (ACHIA), agizo la kuondoa vitu vya kitanzi kimoja, mara KINA kisha (RUDI). Inafaa hata ndani ya KAMA, kwa sababu kina cha vitanzi kinatokana na mahali neno lilipoandikwa, si njia iliyopitiwa wakati wa kuendesha. Mwandishi akijisukumia vitu vyake mwenyewe kwenye staki ya marejeo, kihesabio hakivioni, na huyo atajua kaumia vipi.

Ukitazama lugha nyingine za staki utaona jinsi zilivyolikwepa tatizo lote hili. PostScript ya mwaka 1984, lugha ya kueleza kurasa za kuchapishwa, huweka mwili wa sharti au wa kitanzi kwenye staki kama thamani, na kuuendesha ni kuamuru kilicho juu kiendeshwe. Hakuna tundu kwa kuwa hakuna mruko ulioandikwa. WebAssembly ya mwaka 2017, inayoendesha programu ndani ya vivinjari, ni mashine ya staki pia, lakini mruko wake hauna anwani. Una namba inayohesabu mabloku kutoka ndani kwenda nje: 0 ni bloku uliyomo, 1 ni inayoizunguka. Ukiruka kutoka ndani ya KAMA kwenda nje ya kitanzi unahesabu tu, na kichanganuzi hukagua kwamba staki ina kimo kinachotakiwa pale unapotua. JVM, mashine inayoendesha programu za Java, nayo haikubali njia mbili zikutane zikiwa na vimo tofauti vya staki. Forth haikagui lolote kati ya haya. KAMA 1 BASI inakubalika na itaacha staki ndefu siku nyingine na fupi siku nyingine, na wako wanaoipenda hivyo.

Nilichojiongezea ni ulinzi wa kizamani kuliko wote, uliokuwemo tayari katika fig-FORTH, toleo la zamani la Forth. Kila deni kwenye staki huwekwa na alama ya aina: 1 kwa ANZA, 2 kwa KAMA, 3 kwa HESABU. Anayelipa hukagua alama kabla ya kulipa. Aidha nukta mbili hukumbuka kimo cha staki na nukta-mkato hukidai kilekile. ONDOKA langu la kwanza lisingepita hapo. Hata kama lingejipa alama ya 2 na kumhadaa BASI, TENA lingekuta 2 mahali pa 3 na kukataa kutafsiri. Ile 205 iliyobaki bila mwenyewe ingedakwa na nukta-mkato.

Ila nilizidisha. Nilimpa WAKATI alama yake mwenyewe, 4, kwa kuona kwamba deni lake halipaswi kulipwa na mwingine isipokuwa RUDIA. Wiki hiyohiyo nikahitaji kitanzi chenye masharti mawili ya kutoka:

ANZA
   AKIBA-IPO? WAKATI
   SOMA NAKILI WAKATI
   SHUGHULIKIA
RUDIA
   TUPA
LASIVYO
   MALIZA
BASI

Ukilisoma kwa staki linaeleweka vizuri. WAKATI la pili hulipwa na RUDIA, na likishindwa programu hutua kwenye TUPA, ambapo thamani iliyosomwa bado iko juu. WAKATI la kwanza hubaki na deni lake, LASIVYO hulilipa na kukopa jingine, BASI humaliza. Njia mbili za kutoka, kila moja na usafi wake, bila kigezo cha ziada. Ulinzi wangu ukakataa: LASIVYO lilikuta 4 badala ya 2. Nilimpa WAKATI alama ya 2, sawa na KAMA, maana tundu lake halina tofauti yoyote na la KAMA, na kitanzi kikapita.